Mugonjwa ameletwa na krizi ya akili: uanze na mahitaji 14, na mhGAP, ao na karatasi ya pointi?

Wenzangu wauguzi wa Bukavu, Goma na pande zote za Kivu, hii swali inarudi kila wanafunzi wa staji wanapoanza zamu za usiku. Mutu analetwa, anapiga kelele ao amenyamaza kabisa, familia yote iko nyuma yake kila mutu anaeleza kivyake, na wewe kichwani uko na njia tatu ulizofundishwa, sasa ushike gani? Shuleni tulisoma mahitaji 14 ya kila mutu, orodha ya Virginia Henderson. Kwenye formasio za OMS (shirika la afya la dunia) tunapewa kitabu cha mhGAP, mwongozo wa magonjwa ya akili. Halafu miradi inapita inatuachia karatasi za kuhesabu pointi, PHQ-9 (ya kupima unyong'onyevu) na zingine. Kila moja inasema inamuangalia mutu mzima, mwili na roho na maisha yake, na ni kweli kwa kiasi fulani, lakini hazifanyi kazi moja. Ukishika yenye haifai saa ile, mutu anaweza kukufia mbele na fishi yako (karatasi ya mugonjwa) imejazwa vizuri sana.

Nasema mapema nasimama wapi: saa ya kwanza ni ya mwili pamoja na mhGAP. Henderson ni wa kesho yake, lakini msimtupe, kuna vitu ambavyo yeye peke yake njo anavipata. Pointi zinakuja mwisho, na haziamui kitu.

Kwanza mwili, na hapa nitakaa kidogo

Hakuna fishi hata moja kati ya hizo tatu itakuokoa kama hujapima. Tansio, joto, pumzi, mapigo, saturasio (oksijeni ya damu), Glasgow (kiasi cha ufahamu), na glisemi (sukari ya damu). Glisemi hasa, juu ni tone moja la damu na jibu linatoka kabla familia haijamaliza kueleza. Sukari ikishuka chini ya 70 mg/dl mutu anaanza kutetemeka na kutoka jasho, ikishuka zaidi anatukana, anapigana, anasema maneno hayaeleweki, na watu wote wanaona ni mapepo. Kwetu malaria iko kila kona, na malaria kali yenyewe inashusha sukari, na kinini ya sindano nayo inashusha, kwa hiyo mutu anaweza kuwa alipimwa sawa asubuhi na jioni akachanganyikiwa juu ya dawa. Angalia TDR (kipimo cha haraka) ya malaria, shingo kama inakunjama, alama za kupigwa kichwani, mboni za macho. Mboni zimekuwa ndogo sana, mate yanatoka mingi, jasho, mapigo ya moyo yanaenda polepole: hapo waza dawa ya shamba, amemeza kitu na hajamwambia mutu.

Na kitu kimoja cha hapa kwetu watu wanasahau. Bukavu ikinyesha watu wanaingiza mbabula (jiko la makala) ndani na kufunga dirisha. Moshi wa makala (ile gesi yenye haina harufu) unaleta kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, kutapika, na chombo cha kidoleni kinadanganywa na hiyo gesi, kitakuonyesha saturasio 98 na mutu anakosa oksijeni. Uliza tu: alilala wapi, mbabula ilikuwa wapi, na wengine wa nyumba wako namna gani? Pande za Goma na Sake uliza pia kama walimuokota kwenye shimo ao sehemu ya chini ya shamba, juu mazuku (gesi ya kuua yenye inatoka chini ya udongo) haina kelele.

Sasa namna ya kutenganisha kuchanganyikiwa kwa mwili na ugonjwa wa akili wenyewe. Ya mwili mara nyingi inakuja ghafla, kwa masaa ao siku chache, na inapanda na kushuka: asubuhi anakujibu, jioni hakufahamu. Anaona vitu, wadudu ukutani, watu mlangoni. Uangalifu wake umevunjika, mwambie ahesabu kutoka 20 kurudi 1, atafika 17 na kupotea. Mwenye psikozi (ugonjwa wa akili wa kusikia ao kuamini vitu visivyokuwako), mara nyingi anasikia sauti kuliko kuona, ilianza polepole kwa wiki ao miezi, na anaweza kukuhesabia vizuri hadi 1 huku anaamini kabisa jirani anamtilia sumu. Sio sheria ya chuma, lakini inasaidia sana usiku uko peke yako. Na kama mugonjwa amepita umri wa miaka 50 na hajawahi kuwa na shida ya akili hata siku moja, mimi natafuta ugonjwa wa mwili hadi nichoke.

Pombe nayo. Usiulize anakunywa kiasi gani, watakudanganya wote pamoja na mama yake. Uliza: mara ya mwisho alikunywa lini? Mutu wa kanyanga ya kila siku akiikata ghafla anaanza kutetemeka ndani ya masaa 6 hadi 24, degedege inaweza kumshika ndani ya siku mbili za kwanza, na ile kali ya kuona vitu na joto na mapigo kukimbia inafika siku ya pili hadi ya tatu. Sasa waza kijana familia imempeleka kwenye chumba cha maombi, amefungwa humo, hakuna pombe, anafunga chakula pia. Siku ya tatu anaanza kuona wanyama na kupiga mayowe, na pale wanaamini pepo limejionyesha. Hapo familia wala mchungaji hawana ubaya, wanatafuta uzima wa mutoto wao, lakini ni wewe unapaswa kujua kuhesabu hizo siku tatu, juu hiyo inaua. Kwa mutu wa namna hiyo, tiamini (vitamini B1) inaenda pamoja na sukari, na sukari haingoji.

mhGAP: inakuonyesha njia, lakini haikuonyeshi mutu

Kitabu cha mhGAP OMS ilikitoa 2010, toleo la pili 2016, kwa ajili ya watu kama sisi wenye hatuna psikiatri karibu. Nguvu yake ni mpangilio. Ukifungua ukurasa wa psikozi, swali la kwanza kabisa ni kama kuna sababu ingine ya hizo dalili, na kinataja malaria ya ubongo, kukauka maji, sukari, na madhara ya dawa zingine za malaria. Maana yake kile nimesema juu kuhusu mwili kiko ndani yake tayari, hauitaji fishi ya pembeni. Halafu kinakuuliza juu ya kujiua, ujauzito, pombe, epilepsi. Unafuata mishale ndiyo ao hapana na kufika mahali pa kuamua.

Kuna pia toleo la mazingira ya maafa na vita, la 2015, OMS pamoja na HCR (shirika la wakimbizi), na kwa yale tumepitia hapa tangu mwanzo wa 2025 mimi njo hilo nalishika zaidi. Ni jembamba, na liko na kurasa za mushituko wa karibuni na za matanga, ambazo kitabu kikubwa hakina kwa namna hiyo. Mama amefiwa na mutoto wiki mbili zimepita, anasema usiku anasikia mutoto anamuita. Ukiwa na haraka unaandika psikozi na kumuanzishia haloperidoli, dawa ya psikozi. Kumbe kusikia sauti ya marehemu kwenye matanga ni kitu kinatokea kwa watu wazima wa akili kabisa. Na OMS inashauri diazepamu isipewe kwa ajili ya matanga wala mushituko wa karibuni, kwa mutoto hata kidogo, na mnajua wenzangu ni mara ngapi tunaona hiyo sindano inatoka haraka juu familia inalia.

Udhaifu wake sasa. Ni mishale. Inakuambia mutu huyu ana psikozi, mpe hii, arudi siku fulani. Haikuambii kwamba ni fundi wa kushona, mashine yake iliibiwa, na dada yake peke yake njo anasikilizwa na yeye nyumbani. Inasema utafute msaada wa jamii, sawa, lakini namna ya kuutafuta unabaki nayo wewe. Na mutu mwenye hajapata formasio akishika kile kitabu usiku kwa mara ya kwanza atapotea kwenye kurasa. Kisomwe mchana, kabla.

Henderson: polepole, lakini anafika ndani

Henderson alikuwa muuguzi wa Marekani, na mahitaji yake 14 tunayajua kwa kichwa tangu shuleni: kupumua, kula na kunywa, kutoa uchafu, kutembea, kulala, na kuendelea hadi kujifunza. Kwa krizi ya saa sita usiku ni refu mno. Mutu anavunja viti, wewe unaanza na hitaji la nane la usafi wa ngozi? Hapana. Na hatari, ile ya kujidhuru na kudhuru wengine, imewekwa namba 9, katikati ya orodha. Ukiifuata kwa utaratibu bila akili utafika kwenye hatari wakati mugonjwa ameshatoka kwa dirisha.

Lakini kesho yake asubuhi, amelala kidogo, amekunywa uji, hapo Henderson anapita mhGAP mbali sana. Hitaji la kulala peke yake linakupa mingi: amekosa usingizi tangu lini, anashindwa kuanza usingizi ao anaamka saa tisa na kubaki na mawazo, ao haoni hata haja ya kulala na ana nguvu kupita kiasi? Hii ya mwisho iandike kwa herufi kubwa, inaweza kuwa mania. Hitaji la imani, namba 11, kwetu njo mlango mkubwa. Muulize bila kucheka wala kukunja uso: yaya, wewe mwenyewe unawaza hii shida ilitokea wapi? Atakuambia kama analogwa, na nani, na amepelekwa wapi tayari, alipewa mizizi gani, alifunga siku ngapi. Hapo unapata habari za dawa ya kienyeji, za kukauka maji, za alama za kamba mikononi, zote kwa swali moja la imani. Usibishane naye. Andika.

Na hitaji la kazi, namba 12. Mama wa soko ya Kadutu analetwa amekataa kusema na kula siku nne. Mwili sawa, TDR hasi, glisemi sawa. Kwa mhGAP utamuweka kwenye unyong'onyevu mkali (depresio), na labda ni kweli. Ukifika kwenye kazi, ukikaa naye peke yake, sauti ya chini, inatoka: zamu yake ya likelemba (kuchanga pesa kwa zamu) ilifika, pesa ya wamama wote ilikuwa mikononi mwake, na ikapotea. Anaogopa kurudi sokoni. Sasa mpango wako wa matunzo unabadilika wote, juu dawa haitalipa hiyo deni, na hatari ya kujiua imepanda kwa sababu yenye unaweza kuigusa. Mimi njo maana siwezi kusikia mutu anasema Henderson ni mambo ya mitihani tu.

Shida ingine yake: kwenye fishi nyingi kila hitaji limepewa mstari mmoja, na tunaandika "sawa, sawa, sawa" hadi chini. Hiyo fishi ni kazi bure. Afadhali ujaze mahitaji matano kwa maneno ya mugonjwa mwenyewe kuliko 14 ya "sawa".

Karatasi za pointi

Hapa nitaenda haraka. PHQ-9 ni maswali 9, kila moja 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 unaangalia kwa uzito. Inauliza wiki mbili zilizopita. Kwa mutu wa krizi, mwenye hata leo hajui ni siku gani, wiki mbili ni nini? Na kwa wakimbizi iko na kasoro yake: swali la kula, swali la kulala, swali la kuchoka. Mutu amelala chini ya turubai, anakula mara moja kwa siku, atapata pointi sita ao tisa kabla hujafika kwenye huzuni. Mahali inafaa kweli ni kwa kufuatilia, umempima leo 19, baada ya wiki sita 8, unaona dawa na mazungumzo vinafanya kazi, na yeye pia anaona, hiyo inampa moyo.

Ile ya Columbia ya kujiua, C-SSRS, fupi yake ni maswali 6, na hiyo naiheshimu zaidi, sio kwa pointi bali kwa mpangilio wa maswali. Inaanza mbali: je, umewahi kutamani ulale usiamke? Halafu, umewaza kujiua? Akisema ndiyo unaendelea: umewaza kwa njia gani, uko na nia ya kufanya, umeanza kupanga? Akisema hapana unaruka hadi la mwisho: umewahi kufanya kitu chochote cha kujiua, ao kujiandaa, na kama ndiyo ilikuwa ndani ya miezi mitatu? Jifunzeni hizo ngazi kwa Swahili ya nyumbani, msisome kwenye karatasi kama polisi. Na kuuliza hakumtie mutu wazo, OMS inasema hivyo wazi, wengi wanapumua kwa sababu mwisho kuna mutu amewauliza. Lakini jibu lisikudanganye. Uingereza, taasisi yao ya NICE tangu 2022 imeandika kabisa kwamba vipimo vya pointi visitumike kutabiri nani atajiua. "Hatari ndogo" kwenye karatasi sio ruhusa ya kumrudisha nyumbani yenye dawa ya panya iko chini ya kitanda.

Zote tatu zinaanguka mahali pamoja

Familia ikiwa ndani ya chumba, hakuna fishi inafanya kazi. Bwana akijibu mahali pa bibi, hutapata kitu. Toa watu, mbakize mmoja anayeaminiwa na mugonjwa, kisha yeye naye atoke kwa dakika tano. Kwa mwanamke ao musichana amenyamaza ghafla, ambaye hataki kuguswa, usimlazimishe kueleza, lakini kumbuka saa zinakimbia: dawa ya kuzuia VIH (virusi vya ukimwi) ni ndani ya masaa 72, ya kuzuia mimba hadi 120. Unaweza kusema tu, mama, kama kuna mutu alikuumiza, hapa kuna dawa ya kukulinda na hauna lazima ya kunieleza yote leo.

Na ingine: ukimpiga sindano ya kutuliza kabla ya kumuangalia, umezima taa kabla ya kutafuta. Largactil inashusha tansio, diazepamu inaweza kuongeza kuchanganyikiwa kwa mzee. Kama hakuna namna, anajiumiza, sawa, tuliza, lakini pima glisemi kwanza hata kama watu wanne wanamshika, usimlaze kifudifudi, na andika saa ya sindano na hali yake kabla yake.

Sasa ushike nini?

Kama uko kituo cha afya, peke yako, usiku, Kabare ao Minova huko: vipimo vya mwili, kurasa mbili za mhGAP (psikozi na kujiua, uwe umezisoma kabla), na zile ngazi za Columbia kwa kichwa. Basi. Henderson asubiri, ila swali la usingizi na la imani uliza hata hapo, hazikuli muda.

Kama uko lopitali kuu ya rufaa, mugonjwa atalala siku mbili tatu, fanya hivyo hivyo usiku, na asubuhi mwenzako wa mchana afanye Henderson kwa maneno ya mugonjwa. Mimi napenda afanye mutu mwingine, sio yule wa usiku, juu mugonjwa anaweza kuwa bado anamuogopa yule walimshika naye.

Kama unafanya kufuatilia, mutu anarudi kila mwezi, hapo pointi ziwe na nafasi yao, na Henderson kila miezi mitatu hivi.

Ukimtuma kwenye kituo cha akili, SOSAME hapa Bukavu ao Tulizo Letu kule Goma, usiandike "mugonjwa wa akili, anasumbua". Andika ilianza lini na namna gani, glisemi ngapi na saa ngapi, TDR, joto, dawa zote alizopewa na saa zake pamoja na za kienyeji, mara ya mwisho kunywa pombe, alijibu nini juu ya kujiua kwa maneno yake mwenyewe, na jina la yule mmoja wa familia anayesikilizwa. Hiyo karatasi mpe yule mutu mkononi, isiende na mwenye pikipiki.